Kabati la Gemu: Unene wa Bodi Unaanzia Kwenye Batani

Vijana wanaokuja karakana kwangu Keko, Dar es Salaam, wakitaka kujitengenezea kabati la gemu huanza na swali la mbavu: "Fundi, pembeni niweke milimita 18 au 12?" Mimi huwauliza batani, vile vitufe vya kubonyeza, ziko wapi. Kama batani na jostiki, ile fimbo ya kuongozea mchezo, hazijanunuliwa, bado hatujafika kwenye bodi, kwa sababu sehemu isiyosamehe unene wa kubahatisha ni ile inayoshikwa na mkono wa mchezaji. Mbavu zitajipanga baadaye. Ubao wa batani ukikosewa unene, batani hazishiki, jostiki inakuwa fupi, na hakuna rangi wala stika itakayoficha hilo.

Kazi yangu ya kila siku ni makabati ya jikoni na ya nguo. Makabati ya gemu nayapenda kwa namna ya pekee, maana hakuna samani nyingine inayopigwa, kuegemewa na kugombaniwa kama hii, na bado inatakiwa ipendeze sebuleni. Ninayoyasema hapa ni yale ya kusimama, skrini usoni na batani usawa wa kiuno, ya ukoo wa Space Invaders ya 1978 na Pac-Man ya 1980. Ndani siku hizi tunaweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au kompyuta kuukuu iliyostaafu ofisini, na skrini bapa.

Hiyo skrini bapa inabadilisha hesabu yote. Makabati ya zamani ya Marekani mengi yalitengenezwa kwa plaiwudi au chipubodi ya robo tatu inchi, yaani milimita 19. Yalibeba skrini za chogo za inchi 19, ambazo pamoja na chuma chake zilifika kilo 20 hivi, yakapakiwa na kushushwa kwenye malori, yakapigwa mateke na watu waliopoteza sarafu yao ya mwisho. Skrini yako wewe ina kilo tatu au nne, na kabati litahama chumba mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukikuta mchoro wa zamani unaosema robo tatu inchi kila mahali, ujue mchoro ule ulikuwa unajibu shida nyingine. Mimi situmii unene mmoja kwa kabati zima. Kila kipande nakipa unene wa kazi yake.

Ubao wa batani

Shika batani yako uigeuze, tazama inavyojifunga. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ina shingo ndefu yenye nyuzi na nati kubwa ya plastiki, mtindo wa Kimarekani, tundu lake ni milimita 28. Hii ilibuniwa ikijua itapita kwenye mbao nene, hivyo 12, 15 hata 18 inazishika bila tabu. Ya pili ni ya Kijapani, tundu milimita 30, ina vibano viwili vya plastiki pembeni. Unaisukuma mpaka vibano vifunguke upande wa chini. Vibano hivyo vilitengenezwa kwa bati la chuma, kitu cha milimita 2 hadi 4. Ukiisukuma kwenye bodi ya 12, vibano havifunguki kabisa. Batani inabaki imeshikwa na msuguano tu, na mtoto wa miaka saba ataing'oa kwa kucha. Seti nyingi za bei nafuu zinazoagizwa kutoka China huja na hizi za vibano, kwa hiyo angalia kabla hujalipa. Ipo pia ya Kijapani yenye nyuzi na nati, lakini nyuzi zake ni fupi kuliko za Kimarekani. Ipime kwa rula.

Jostiki nayo ina lake. Inafungwa chini ya ubao, mti wake unapanda juu kupitia tundu. Kila milimita ya unene unayoongeza inakula milimita ileile ya mti unaobaki juu. Kwenye 18 jostiki ya Kijapani yenye kichwa cha duara inakaa chini mno, kichwa kinakaribia kugusa ubao, na mkono unachoka upesi. Zaidi ya hapo, mti unapolala pembeni unahitaji tundu pana zaidi kadiri ubao unavyokuwa mnene, na tundu pana linaanza kuonekana. Jostiki za Kimarekani zipo zenye mti mrefu kwa ajili ya mbao na zenye mti mfupi kwa ajili ya chuma. Kwa hiyo muulize muuzaji urefu wa mti, asikuambie rangi tu.

Sasa mkono wa mchezaji unataka kinyume cha vyote hivyo. Batani na jostiki zinataka ubao mwembamba, mkono unataka ubao usiotikisika. Kwenye gemu za mapigano za batani sita, kama Street Fighter II ya 1991, watu hawabonyezi. Wanapiga. Ubao unaonesanesa chini ya kiganja unaharibu mchezo hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Hapa kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mtu aijue kabla hajaingia dukani. Ugumu wa bodi dhidi ya kupinda haukui sawasawa na unene. Unakua kwa kipeo cha tatu. Bodi ya 12 ni ngumu mara nane ya bodi ya 6 ya aina ileile. Bodi ya 18 ni ngumu mara tatu na zaidi kuliko ya 12. Kutoka 15 hadi 18, milimita tatu tu, ugumu unaongezeka kwa karibu robo tatu nzima. Lakini kanuni hiyohiyo inafanya kazi upande wa urefu pia: ukipunguza nafasi iliyo wazi chini ya ubao iwe nusu, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo ubao wa 12 wenye mbao ya inchi mbili kwa moja imesimamishwa ubavu katikati chini yake, kutoka mbele hadi nyuma, unashinda ubao wa 18 usio na kitu chini. Na bado batani zako zinapita kwenye 12.

Hivyo ndivyo ninavyofanya. Plaiwudi ya 12, mbao ya kuimarisha katikati ya mchezaji wa kwanza na wa pili, mbao nyingine mbele kwenye ukingo ambapo watu hulaza vifundo vya mikono. Juu naweka akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, ya milimita 3 inayolinda picha. Jumla 15, na batani ya nyuzi inashika vizuri. Pale jostiki inapokaa nachimba kwa ruta, mashine ya kuchimbia mbao, kutoka chini, mraba unaotosha bati lake, mpaka ubaki unene wa milimita 6 hivi. Bolti za milimita 4 zenye kichwa bapa zinaingia kutoka juu, vichwa vimezamishwa, akriliki inavifunika.

Kama una batani za vibano na huwezi kuzibadilisha, usichimbe kila tundu kwa chini ukidhani utapata milimita 3 sawasawa kila mahali. Plaiwudi inabanduka tabaka. Tafuta bati la alumini au chuma la milimita 2, toboa matundu ya batani humo, kisha chini yake weka plaiwudi ya 12 iliyokatwa dirisha zima pale kundi la batani linapokaa. Bati linashika batani, plaiwudi inazunguka na kubeba uzito. Fundi wa madirisha ya alumini atakukatia bati hilo wakati unasubiri.

Na ubao huu uwe plaiwudi, usiwe MDF. Batani za Kijapani hupangwa vituo vyake vikiwa na umbali wa milimita 36 hivi. Toa tundu la 30, kati ya tundu na tundu kunabaki milimita 6 za mti. Plaiwudi ina nyuzi zinazopishana, inavumilia. MDF ni unga ulioshindiliwa kwa gundi. Kipande cha milimita 6 kinameguka biti ikiwa bado inazunguka, au kinasubiri kumeguka wakati wa mchezo. Toboa ukiwa umebana kipande cha mbao kibovu chini, ili biti isichane upande wa pili.

Mbavu

Kwa mbavu nasema 18 bila kusita, lakini sababu yangu kubwa si nguvu. Ukiangalia nguvu peke yake, 15 inatosha, na 12 yenye fremu ya mbao za mbili kwa mbili ndani inatosha pia. Sababu yangu ni ukingo. Ukingo wa ubavu ndio mchoro wa kabati zima: ule mstari wa plastiki unaopanda kutoka chini, unaingia kiunoni, unatoka tena kichwani. Plastiki ile ya makabati ya gemu ina ulimi mgongoni unaozama kwenye mfereji mwembamba wa milimita 1.6 uliochimbwa katikati ya ukingo, na inauzwa zaidi kwa unene wa milimita 16 na 19. Kwenye 18, ile ya 19 inazidi kidogo tu, unaipunguza kwa wembe. Kwenye 12 utabaki na milimita tano kila upande wa mfereji. Ukigonga plastiki kwa nyundo ya mpira, MDF inafunguka mdomo.

Dar plastiki hiyo lazima uagize. Kama huwezi kusubiri, tumia ule utepe wa plastiki wa kubandika kwa joto unaotumika kwenye makabati ya jikoni. Wa upana wa milimita 22 unafunika 18 na ziada unaikata. Kona za ndani zenye mviringo mkali utepe huo hauzipendi, kwa hiyo chora mikunjo mipana.

Kisha kuna suala la bodi yenyewe. Bodi nzima ni futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Mbavu mbili za kina cha milimita 600 zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye bodi moja, na unene wa msumeno unabaki ukiwa umepata nafasi yake. Ukichora kina cha 650 kwa sababu umeona mchoro fulani mzuri, umejilazimisha kununua bodi mbili kwa mbavu mbili. Mimi huchora kina cha 600 na kimo cha 1750. Juu ya bodi kunabaki kipande cha milimita 690 kwa 1220, ambacho kinatoa sakafu ya kabati, rafu ya ndani na kofia ya juu. Bodi moja ya 18 inamaliza mifupa yote.

Uzito uangalie mapema. MDF ya 18 ina kilo 13 hivi kwa mita ya mraba, bodi nzima inakaribia kilo 40. Bodi ya 12 ni kilo 26 hivi. Plaiwudi ya 18 ya miti laini inacheza kwenye kilo 30. Kama unakaa ghorofa ya tatu na ngazi zina kona, tofauti hiyo utaikumbuka begani. Kabati la plaiwudi wawili wanalibeba wakizungumza. La MDF tupu wawili wanalibeba kimya.

Sasa plaiwudi au MDF kwa mbavu? Kwa jiji la pwani jibu langu ni plaiwudi, na sababu ni maji. MDF ina uso laini mno, rangi inakaa kama kioo, na kukata mkunjo ni raha. Lakini sakafu zetu zinadekiwa kila asubuhi. Ukingo wa chini wa MDF ukinywa maji mara kadhaa unavimba, 18 inakuwa 22, na ikikauka hairudi. Chipubodi yenye melamini ni hivyohivyo, tena mbaya zaidi. Ukiamua MDF kwa ajili ya uzuri wa rangi, basi inua kabati kwa magurudumu au miguu, usawa wa angalau sentimita nne, na ukingo wa chini upake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, upige msasa, urudie, ndipo rangi ifuate. Aliye Dodoma au Arusha, kwenye hewa kavu zaidi, anaweza kuwa mkarimu kwa MDF kuliko sisi.

Plaiwudi zinazotoka Mafinga, za misonobari na mikaratusi, zinafaa ukichagua vizuri. Tazama ukingo wake uhesabu tabaka: 18 yenye tabaka nyingi nyembamba inakaa imenyooka kuliko yenye tabaka chache nene. Tazama pia mapengo kwenye ukingo, zile sehemu ambazo tabaka la ndani halikukutana. Skrubu ikiingia humo haishiki kitu. Matundu madogo ya mviringo yenye unga ni bungua. Bodi hiyo iache hapohapo hata ukipunguziwa bei. Blokibodi ni nyepesi na imara kwa urefu, lakini ukingo wake uliokatwa mkunjo unaonyesha vipande vya ndani, na mfereji wa plastiki hautakuwa sawa. Marine bodi, ile nyeusi au ya kahawia ya kumwagia zege, ni imara sana, ila ngozi yake imetengenezwa ili kitu kisiishike: rangi na stika vinabanduka mpaka uikwangue ngozi yote kwa msasa.

Pima kwanza, chora baadaye

Namba iliyopigwa muhuri kwenye bodi ichukue kama jina tu. Plaiwudi za 18 nimezikuta zikisoma 17 na hata 16 na nusu, na bodi moja inaweza kutofautiana ncha na ncha. Nunua au azima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima pembe nne, andika wastani kwa penseli juu ya bodi yenyewe. Ndipo uchore.

Kwa nini nasisitiza? Chukua kabati la upana wa nje wa milimita 600. Kwa 18 halisi, ndani unabaki na 564. Kwa 16.5 ndani ni 567. Ukiwa umekata sakafu, rafu na ubao wa batani kwa 564 halafu unataka nje iwe 600, utazunguka na milimita tatu zisizo na mwenyewe. Dawa yake ni rahisi: funga upana wa ndani, uache wa nje uamuliwe na bodi. Mimi hufunga ndani kwa 564. Vipande vyote vinavyolala kati ya mbavu mbili vinakatwa kwa kipimo hichohicho, msumeno ukiwa umewekwa mara moja bila kuguswa tena. Nje ikitoka 597 au 600, hakuna atakayejua, ila kabati litakuwa na pembe mraba.

Upana wa ndani nao unaamuliwa na skrini. Skrini ya inchi 24 ya siku hizi ina picha ya upana wa milimita 531. Fremu nyembamba inaiacha ipite kwenye 564, fremu nene ya miaka iliyopita inaweza kugoma. Zile za mraba za inchi 17 na 19, ambazo maofisi yanazitupa na mafundi wa Kariakoo wanazo, picha zake ni milimita 338 na 376 kwa upana. Zinaingia bila swali, na umbo lake linaendana na gemu za zamani vizuri zaidi.

Skrubu zinafuata unene

Hapa ndipo watu wanaobadilisha 18 kwa 12 katikati ya safari wanapoumia. Mimi siungi bodi kwa kupiga skrubu kwenye ukingo wa bodi nyingine. MDF inapasuka hapo, plaiwudi nyembamba inafunguka tabaka. Natumia vijiti vya mbao ya milimita 25 ndani ya kona: skrubu inatoka kwenye kijiti kuelekea ubavu au kinyume chake, na gundi nyeupe katikati.

Ubavu wa 18 na kijiti cha 25 ni jumla 43. Skrubu ya inchi moja na nusu, milimita 38, inaingia na kubakiza tano. Ubavu wa 12 na kijiti hichohicho ni 37, na skrubu ileile inatokeza ncha upande wa pili, pengine katikati ya picha uliyolipia kuchapishwa. Kwa 12 shuka hadi inchi moja na robo. Toboa njia kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu, na usikaribie kona ya bodi kwa chini ya sentimita tano.

Kama una ruta na unapenda kuchimba mifereji ya kulaza rafu, theluthi ya unene inatosha: milimita 6 ndani ya 18. Kwenye 12 mifereji hiyo iache, hakuna nyama ya kutosha. Na kumbuka kuongeza kina cha mifereji miwili kwenye urefu wa rafu.

Vipande vilivyobaki

Mgongo: plaiwudi ya 6. Wengi wanaufanya mlango mzima wa kufunguka, na hapo kabati linapoteza kitu kinacholizuia kuyumba kushoto na kulia. Acha mlango uwe wa katikati tu. Juu na chini yake kaza vipande vya 12 au 18 vya upana wa sentimita 15, vimegundishwa na kupigwa skrubu kwenye mbavu zote mbili. Toboa matundu ya hewa chini na juu, kwa sababu joto la Dar na la kompyuta ni mawili, na ubandike wavu wa mbu kwa ndani. Mende wanapenda sana kompyuta yenye joto.

Sakafu ya kabati: 18, hasa ukiweka magurudumu, kwa sababu skrubu za gurudumu zinahitaji mahali pa kuuma. Urefu wa skrubu hizo usizidi milimita 16.

Fremu inayozunguka skrini: 6, au 3 nyuma ya akriliki nyeusi. Ukitumia 12 picha inakuwa shimoni, na mchezaji mrefu anakatiwa ukingo wa juu. Kama huna budi kutumia 12, chonga ukingo wake wa ndani kwa randa uwe mteremko.

Ubao wa spika: 12 au zaidi. Nyembamba inalia pamoja na spika, na mlio ule ukishausikia huwezi kuacha kuusikia.

Mdomo wa sarafu siuweki, na sishauri. Mtaani kwetu kitu kirefu chenye taa na batani kinachomeza sarafu kinajulikana kama dubwi, na dubwi linakula hela za watoto. Mama mmoja jirani alilitazama kabati likiwa halijapakwa rangi akaniuliza, "Baba Neema, na wewe umeanza kutuletea madubwi?" Nilimfungulia mlango wa nyuma akaona hakuna pa kuingizia wala kutolea hela. Tangu hapo sehemu ya mbele chini naifunga kwa plaiwudi ya 9 isiyo na tundu lolote, na kila mzazi anaona kwa macho yake.

Ukitaka la mezani

Kabati dogo la kuweka juu ya meza, lenye skrini ya inchi 17 na mchezaji mmoja au wawili, halihitaji 18 popote. Plaiwudi ya 12 kwa mbavu na ubao wa batani, 6 kwa mgongo. Urefu wa wazi ni mfupi, kwa hiyo ugumu unakuja wenyewe, na uzito unabaki wa mtu mmoja kubeba. Ukingo upige msasa, upake rangi, bila plastiki. Ila miguu ya mpira uweke minne mizuri, kwa sababu kabati jepesi hutembea mezani mchezo ukikolea. Hapa 15 ni ufujaji, na 9 ni nyembamba mno kwa mbavu kwa sababu vijiti vya kona vinaivuta na inajikunja.

Siku ya kununua

Kwa kabati la kusimama nililoeleza, orodha ni bodi moja ya 18, nusu bodi ya 12, bodi moja ya 6, kipande cha 9 cha mbele, na mbao za mbili kwa moja futi 20 hivi. Nusu bodi maduka mengi hayauzi, lakini mafundi wa karakana wana masalia. Njoo na kipimo, utapata.

Bodi usiikubali iliyoletwa kutoka nyuma ukaambiwa zote ni sawa. Iombe isimamishwe kwa ukingo, funga jicho moja utazame urefu wake. Ikiwa na tumbo, omba nyingine. Bodi ya 18 iliyopinda haiwezi kunyooshwa na skrubu, itavuta kabati zima liwe kama yenyewe. Ya 6 ikipinda kidogo haina neno, fremu itainyoosha.

Kama utakata mwenyewe MDF, kata nje, upepo ukiwa mgongoni, na uvae barakoa nzuri, siyo kitambaa. Vumbi lake ni laini kuliko la mti wa kawaida, lina gundi ndani, na linakaa hewani muda mrefu baada ya msumeno kunyamaza. Watoto wasisogee mpaka umwagilie maji na kufagia.

Ukifika nyumbani usiiegemeze bodi ukutani usubiri wikiendi ijayo. Ilaze chini juu ya vijiti vitatu vilivyo sawa, ncha mbili na katikati, na ya 12 iwe chini ya ile ya 18 ili uzito uishike. Wakati wa masika bodi ya 12 iliyoegemezwa hupata tumbo ndani ya siku chache, na kalipa yako haitakuonyesha.